Maji Yaliyokuja Bila Wingu

Hebu niambie: umewahi kuona mto ukijaa huku jua linawaka, na mbinguni hakuna hata kiwingu cha ukubwa wa kitambaa cha kufutia jasho? Hujaona? Basi kaa vizuri. Dobi naye hakuwa ameona, na alikuwa amekaa kando ya mto tangu azaliwe, miaka hamsini na mitatu.

Watu walimwita Dobi kwa sababu ya kazi yake. Mkewe alimwita Baba Kitinda. Akikasirika, naye alimwita Dobi, kama mteja. Kitinda alikuwa binti yao wa mwisho, mwenye miaka ishirini na mmoja. Alikuwa na jina lake zuri kwenye cheti cha shule, lakini jina hilo lilibaki hukohuko kwenye cheti. Kaka zake wawili walishaoa na kuhama. Nyumbani walibaki watatu.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama tatu za kuungua. Alama mbili ni za Dobi. Moja ni ya Kitinda, siku aliyokuwa akicheka huku akipiga pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Kwenye rafu yalipangwa mashuka, kumi kumi, pembe kwa pembe. Chumba kizima kilinukia sabuni na mkaa.

Kila Jumatatu na Alhamisi mkokoteni uliwaletea mashuka ya shule ya bweni. Mashuka sitini, meupe, yenye mstari wa buluu kwenye pindo. Hiyo ndiyo kazi iliyowalisha. Nguo za majirani zilikuwa za kuongezea chumvi tu.

Walifua mtoni. Dobi alipiga mashuka juu ya jiwe. Mama Kitinda alisuuza. Kitinda aliyachovya kwenye maji ya buluu ili weupe ung'ae, halafu akayaanika. Na hapa sasa ndipo penyewe. Hawakuanika kwenye kamba. Katikati ya mto palikuwa na jiwe pana, tambarare, ambalo wao waliliita Kitanda. Maji yakiwa madogo, jiwe hilo lilikuwa kavu. Waliruka kutoka jiwe dogo hadi jiwe dogo mpaka wakalifikia. Wakatandaza mashuka, wakayabana kwa vijiwe. Joto la jiwe chini, jua juu. Kabla ya saa nane shuka limekauka kau, na halina vumbi la barabara wala nywele za mbuzi.

"Mashuka yangu hulala kitandani kabla ya wenye vitanda," Dobi alipenda kusema. Mkewe alikwisha kuusikia mzaha huo mara elfu. Bado alicheka kidogo, kwa hisani.

Kila asubuhi kabla ya kushuka mtoni, Dobi alisimama barazani, mikono kiunoni, akatazama mbingu pande zote nne. Marehemu baba yake alifanya vivyo hivyo. Pasipo wingu alitamka, "Mto umelala." Penye wingu jeusi alisema, "Mto unaamka, leo tuanike uani." Kwa miaka mingi kanuni hiyo haikumwangusha.

Lakini miaka ya karibuni mto ulikuwa umebadilika tabia. Mwaka juzi ulijaa mara mbili kabla ya majira yake. Mwaka jana mvua zilichelewa, na mto ukawa mwembamba kama mshipi. Walichimba mchanga ili kupata maji, na mashuka yakachelewa siku nne. Dobi alisema ni bahati mbaya. Kwamba kulikuwa na bwawa kubwa la umeme lililojengwa mbali huko juu, hilo alilijua. Aliona nguzo za umeme zikipita. Kwamba bwawa na mashuka yake yana uhusiano, hilo halikumpitia kichwani.

Alikuwa na jambo jingine lililomkaa moyoni. Dada yake, shangazi wa Kitinda, alikuwa na duka la ushonaji mjini. Alimpigia simu Kitinda. "Njoo ufanye kazi na mimi. Huko mtoni utazeeka na mikono iliyokunyanzika." Kitinda akajibu, "Nipe muda, shangazi. Nitakupa jibu mvua zikiisha." Dobi alikuwa chumba cha pili. Aliyasikia yote.

Alitaka kumwambia binti yake, "Baki." Neno moja tu, silabi mbili. Lakini lilimkaa mdomoni kama tonge la moto: kumeza hawezi, kutema hawezi. Angemwambiaje mtoto abaki? Abakie nini? Kazi yenyewe iliyumba na mto wenyewe uliyumba. Kwa hiyo aliishia kutania. "Mjini watakuchoma sindano," alisema, kisha akaenda kuongeza mkaa kwenye pasi ambayo tayari ilikuwa na moto wa kutosha.

Sasa, hapo mtoni alikuwapo mtu mwingine ambaye hujamfahamu. Ni mwanamke wa makamo, mwajiriwa wa ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kuja kila siku saa tatu asubuhi, na tena jioni, kutazama nguzo nyeupe iliyosimikwa ukingoni, yenye namba nyeusi kutoka chini hadi juu. Aliangalia maji yamegusa namba gani, akaandika kwenye daftari, akapiga simu ofisini. Wao walimwita Bi Kipimo. Miaka sita alikuwa akisoma nguzo hatua ishirini tu kutoka walipofulia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza anasoma ili iwe nini. Walimtania tu.

Alhamisi moja kiangazi kilikuwa kimevuka siku zake. Mvua zilitakiwa ziwe zimeanza wiki tatu nyuma. Mbingu zilikuwa nyeupe. Mto ulikuwa umenywea, na Kitanda kilikuwa kikavu pande zote. Bi Kipimo akafika na daftari lake.

"Bi Kipimo!" Dobi aliita. "Mto umekuambia nini leo?"

"Umesema nikusalimie."

"Wa aleikum. Mwambie nauona mwembamba, ale chakula."

"Atakula leo mchana, mzee wangu. Bwawani wamefungulia maji asubuhi hii. Yatapanda hapa."

Dobi akatazama juu, pande zote nne. "Yapande kwa mvua ipi? Haya, yakija yaje na sabuni, yetu inakaribia kwisha."

Wakacheka wote. Hata Bi Kipimo alicheka. Akaandika namba yake, akafunga daftari, akapanda zake njia.

Ilipofika saa saba kasoro, Mama Kitinda alinyoosha mkono kuchukua mche wa sabuni. Alikuwa ameuweka juu ya jiwe, karibu na kifundo cha mguu wake. Haukuwapo. Wala jiwe halikuwapo.

"Baba Kitinda," alisema taratibu, "sabuni imeondoka."

"Imeondoka na nani?"

"Dobi! Tazama maji!"

Akatazama. Yale mawe madogo ya kurukia yalikuwa yamemezwa. Maji hayakuja kwa kelele. Yalikuja kwa kuvimba tu, kama uji unaotaka kumwagika. Na Kitinda alikuwa kule kwenye Kitanda, akigeuza mashuka.

"Kitinda! Rudi!"

Kitinda aliinua kichwa. Mashuka ya pembeni yalikuwa yameanza kuinuka na kushuka, kama yanapumua. Akayakimbilia, akaanza kuyazoa.

"Acha mashuka!"

"Ya shule haya, Baba!"

"Acha, nimesema! Shule ina mashuka mengine, mimi sina Kitinda mwingine!"

Dobi akataka kujitosa. Mkewe akamkamata shati kwa nyuma, likachanika. "Ukiingia wewe nitavuta wawili!" Alikwisha kufungua ile kamba ndefu ya kufungia mzigo. Akairusha. Mara ya kwanza ikaanguka kando. Mara ya pili Kitinda akaidaka, akajifunga kiunoni. Wakamvuta, yeye akipiga hatua moja moja, maji yamemfika kifuani. Alipotoka alikuwa amejiviringisha shuka moja shingoni bila kujua.

Walikaa ukingoni. Mama Kitinda alikuwa akimpangusa binti yake uso kwa pindo la kanga, akimpangusa hata palipokwisha kukauka. Mashuka kumi na manane yalikuwa yamekwenda. Dobi akatazama juu. Wingu hakuna. Alijiona kama mtu aliyezabwa kofi na mtu ambaye hayumo chumbani.

Kesho yake akaja Matroni wa shule, mama mfupi mwenye kitita cha funguo. Funguo zake zilitangulia kusikika kabla yake.

"Nashukuru binti yuko hai," alisema. "Hilo ndilo la kwanza. La pili, wanafunzi kumi na wanane wamelala juu ya magodoro matupu. Mkuu wa shule anasema tununue mashine, tuachane na habari za mto. Nimemsihi asubiri mpaka mvua zipite. Lakini, Dobi, likipotea shuka moja, au yakichelewa siku moja, sitakuwa na la kumwambia."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Mvua zikipita. Ndio muda uleule ambao Kitinda alimwahidi shangazi yake jibu. Kazi ikienda, na binti ataenda. Maji yalimfika shingoni, na safari hii hakuwa hata mtoni.

Jioni ile Bi Kipimo alikuja nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Mkononi alikuwa na shuka moja lenye matope. Alilikuta limenasa kwenye matete.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilisema mara moja, nikacheka, nikapita. Ningesimama mpaka mkanielewa."

"Kumbe ni ninyi mnaotumwagia maji!" Dobi alikuwa na uchungu. "Hilo bwawa lenu ni adui."

"Si adui, mzee wangu, na si mjomba pia. Lile pipa lenye koki ni lenu?"

Uani palikuwa na pipa la kusuuzia, lililoinuliwa juu ya matofali, lenye koki chini. Bi Kipimo akavua viatu. "Kitinda, wewe shika koki. Wewe ndiye mlinzi wa lango la bwawa. Mama, kaa pale chini na beseni. Wewe ndiye mto wa huku kwetu. Mzee, chukua ndoo. Wewe ndiye mvua."

"Mimi? Niwe mvua?"

"Na uwe kigeugeu, tafadhali."

"Hilo analiweza," Mama Kitinda alisema.

Kwanza Bi Kipimo akamwambia Dobi amwage maji moja kwa moja kwenye beseni, bila pipa. Akimwaga, beseni linajaa. Akiacha, haliongezeki. "Huo ndio mto wa marehemu baba yako," Bi Kipimo alisema. "Mvua na mto walitembea pamoja. Sasa mwaga ndani ya pipa. Kitinda, umefunga koki kwa sababu unataka bwawa lijae."

Dobi akamwaga ndoo tatu. Mama Kitinda akaangalia beseni lake. "Mimi sioni kitu. Mvua inanyesha na mto mkavu!"

"Umeona? Sasa mvua imekatika. Mzee, weka ndoo chini. Mjini watu wanawasha majiko, viwanda vinataka umeme. Maji yakipita kwenye mitambo ndiyo yanayoizungusha. Kitinda, fungua."

Koki ikafunguliwa. Maji yakaruka kwenye beseni. Dobi alikuwa amesimama mikono mitupu, hanyeshi hata tone, na beseni linajaa.

Akatazama ndoo. Akatazama beseni. "Hiyo ndiyo Alhamisi," alisema.

"Hiyo ndiyo Alhamisi. Wakifungulia saa mbili asubuhi, maji yanatembea njiani kwa muda wa saa tano hivi. Huku kwetu yanafika saa saba. Wewe unatazama mbingu, na maji hayatoki mbinguni siku hiyo. Yanatoka kwenye koki."

"Kwa hiyo bwawa linatengeneza maji?" Kitinda aliuliza.

"Halitengenezi hata tone. Tena mengine hupotea kwa jua. Linachofanya ni kubadilisha saa ya maji kupita. Yaliyokuwa yapite mwezi huu, yanapita mwezi ujao. Yaliyokuwa yapite polepole mchana na usiku, yanapita kwa mkupuo. Sasa, mzee, kuwa mvua ya fujo. Mwaga mfululizo!"

Dobi akamwaga bila huruma. Pipa likajaa, maji yakaanza kumwagika juu. "Nifanyeje?" Kitinda akapiga kelele. "Fungua yote, pipa lisije likapasuka!" Akafungua. Beseni likafurika, Mama Kitinda akaloa miguu mpaka magotini. "Ndiyo nini sasa, na nimetoka kuoga!"

Wakacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Kisha Bi Kipimo akawaambia lililobaki, na hapo hakucheka.

"Mvua nazo hazina tarehe. Tangu zamani mwaka mmoja hutofautiana na mwingine. Lakini sasa dunia imepata joto, na mvua zinayumba zaidi. Mwaka mmoja zinawahi na kupiga kwa siku chache, mwaka mwingine zinachelewa hadi watu wanakata tamaa. Zikichelewa, bwawani wanabana maji, mto unakonda. Hawatakiwi kufunga kabisa, maana samaki na watu wa huku chini wana haki yao. Zikija kwa fujo, bwawa linajaa, wanalazimika kufungulia mengi. Na milimani mvua inaweza kupiga huku kwetu kukavu kabisa. Mto una mabwana wawili, mvua na lango. Wewe, mzee wangu, ulikuwa ukimtazama mmoja tu, tena upande wa paa la nyumba yako."

Dobi alikuna kichwa. "Na hayo ndiyo unayoandika kwenye daftari?"

"Ndiyo."

"Miaka sita."

"Miaka sita, na wewe unaniuliza mto umeniambia nini."

Siku ile Dobi alijikaza kisabuni. Kuacha Kitanda kulimuuma. "Nikianika uani, vumbi," alisema. "Mbuzi." Lakini Kitinda alikwisha kuchukua kijiti, akawa anachora ardhini. Hapa nguzo nne ndefu, kamba juu, mbali na midomo ya mbuzi. Hapa ua wa matete upande wa barabara. Maji ya kusuuzia yamwagwe uani, vumbi litulie.

"Na hayo ya povu?" mama yake aliuliza.

Bi Kipimo alifurahi kwa swali hilo. Alieleza kwamba mto ukiwa mkubwa, povu dogo linatawanyika. Mto ukikonda, povu lilelile linakuwa kubwa, na linamfikia mtu wa chini anayechota maji ya kunywa. "Basi tufulie juu huku," Kitinda alisema, "povu liishie kwenye shimo la kokoto."

Ilichukua wiki tatu. Kaka mkubwa alileta saruji, wakajenga karo la kufulia juu kabisa ya ukingo, pasipofikiwa na maji hata ya mwaka juzi. Waliongeza mapipa mawili. Waliteka maji mapema asubuhi, kabla hayajapanda, wakayaacha yatulie. Yale yaliyokuja na tope waliyapa siku nzima, tope likashuka chini, wakachota ya juu. Kulikuwa na makosa pia. Ua wa kwanza uliangushwa na upepo. Siku nyingine Dobi alisahau kufunika pipa, likaingia kuku.

Bi Kipimo aliwaandikisha kwenye orodha ya watu wanaotumiwa ujumbe wa simu bwawa linapofunguliwa. Tangazo hilohilo lilibandikwa pia kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako Dobi alikuwa amepita miaka yote bila kugeuza shingo. Kitinda alichukua kipande cha blanketi jekundu akakishona mapindo. Siku ya kufunguliwa maji alikitundika kwenye mti mrefu mwanzo wa njia ya mtoni, ili wachota maji na wachimba mchanga wakione. Wachimba mchanga walicheka mwanzoni. "Dobi anauza nyama?" Wiki ya pili mmoja wao alinusurika kupoteza sepetu na karai. Baada ya hapo hawakucheka. Walianza kuuliza wenyewe, "Kitinda, leo kitambaa kipo?"

Dobi hakuacha kusimama barazani na kutazama mbingu pande zote nne. Ila sasa akimaliza, aligeuka. "Na milimani?" aliuliza. Kitinda akatazama simu. "Milimani jana imenyesha kidogo, Baba." "Na lango?" "Limefungwa." Ndipo Dobi aliposema, "Mto umelala." Aliyatamka maneno hayo kwa sauti ya mtu aliyethibitisha.

Mvua zilikuja zimechelewa wiki nane. Na zilipokuja, zilikuja kama zinadaiwa. Kwa siku kumi na moja zilimwaga maji ya msimu mzima. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, ujumbe ukaingia: bwawa limejaa, malango yanafunguliwa, watu wakae mbali na mto.

Kitambaa chekundu kikapanda. Dobi alishuka mpaka nusu ya njia na kusimama. Maji ya udongo yalikuwa yamefunika Kitanda, yamefunika nguzo ya Bi Kipimo karibu hadi namba za juu. Mti mzima ulipita ukizunguka, na mizizi yake. Mahali alipokuwa amesimama Kitinda siku ile, sasa hata mtu juu ya mabega ya mtu asingeonekana.

Akapanda juu polepole, akamkuta binti yake kwenye karo, mikono ndani ya povu, akiimba vibaya. Maji ya mapipa yalikuwa meupe. Dobi akashika shuka, akaanza kupiga.

Tatizo lilikuwa kukausha. Wakaanika barazani, wakaanika chumbani, mpaka mtu akitaka kupita alipita kwa kuinama chini ya mashuka. Pasi haikupoa siku nzima. Shuka moja lilichomwa pembeni, na mchomaji hakuwa Kitinda.

Jumatatu Matroni alikuja mwenyewe badala ya mkokoteni, mwavuli mkononi. Alihesabu. Akarudia kuhesabu. "Sitini, na yale mapya tuliyonunua yamo," alisema. "Mashine za mjini zimesimama, huko bomba linatoa tope. Ninyi mmefua kwa maji gani?"

"Ya jana," Dobi alisema. "Ya jana na juzi."

Matroni akanusa shuka moja, akaliweka shavuni. "Mkuu wa shule atanisikia safari hii. Habari za mashine zimekwisha. Na mapazia ya bweni ninawaletea Alhamisi." Alipofika mlangoni akageuka. "Hili lililoungua nitalilalia mimi."

Mvua zikapita. Jua likarudi, kamba za uani zikajaa. Mchana mmoja Dobi na Kitinda walikuwa wakikunja mashuka makavu. Unajua shuka kubwa linavyokunjwa: huyu anashika pembe mbili, yule anashika pembe mbili, wanavuta, wanakunja, kisha wanaendeana mpaka mikono inakutana. Halafu wanaachana tena. Mama Kitinda alikuwa barazani akichagua mchele.

"Shangazi amepiga simu," Kitinda alisema. "Anataka jibu leo."

"Mm."

"Nimwambieje?"

Dobi alivuta pembe zake. "Cherehani ni kazi nzuri," alisema. "Mtu anakaa kitini. Halowi."

"Shangazi hajaniuliza kama nitalowa, Baba."

Wakakunja, wakaendeana. Mikono ikakutana. Dobi alitakiwa aachie pembe zake binti yake azipokee, lakini hakuachia. Mama Kitinda alikuwa ameacha kuchagua mchele, vidole vimetulia juu ya ungo.

"Kitinda."

"Abee, Baba."

"Ukitaka kwenda, nenda. Sanduku nitakubebea mwenyewe mpaka kituoni, na sitanuna. Mashuka haya tutayafua mimi na mama yako, tutachelewa kidogo. Si kwa ajili ya mashuka. Nilitaka kukuambia tangu siku ile alipopiga simu ya kwanza. Nilikuwa sina cha kukuwekea mbele, nikaona haya. Sasa karo lipo, mapipa yapo, na hayo yote umeyachora wewe kwa kijiti. Lakini hata yasingekuwapo, ningetaka hilohilo."

Kitinda naye hakuachia pembe zake.

"Nataka ubaki, mwanangu," Dobi alisema. "Nataka ubaki."